Therese Johaug na kiboksi chenye alama nyekundu

Jina la Therese Johaug likitajwa, watu hugawanyika mara moja. Wako wanaosema mwanadada huyo wa Norway, bingwa wa skii za masafa marefu, alionewa: alipaka midomoni krimu aliyopewa na daktari wa timu, akafungiwa miezi 18 na kukosa Olimpiki. Wako wanaosema aliyekutwa na dawa za kusisimua misuli ni mdanganyifu, na habari za midomo ni hadithi tu. Mimi nawaona majaji wa Mahakama ya Usuluhishi wa Michezo, CAS, ndio walioeleweka vibaya kuliko wote. Wametukanwa na pande zote mbili, ilhali uamuzi wao wa Agosti 2017 ndio uliomtendea haki Johaug mwenyewe na kila mwanariadha asiyejulikana jina.

Kisa chenyewe ni kifupi. Mwishoni mwa Agosti 2016 timu ya Norway ilipiga kambi Livigno, mji wa milimani kaskazini mwa Italia. Jua la huko likambabua Johaug midomo. Daktari wa timu akaingia duka la dawa, akanunua Trofodermin, dawa ya vidonda inayouzwa Italia bila cheti cha daktari. Johaug akauliza kama ina kitu kilichopigwa marufuku, akajibiwa haina. Akaipaka kuanzia tarehe 4 hadi 15 Septemba. Tarehe 16 wapimaji wakachukua mkojo wake na kukuta klosteboli, steroidi iliyo katika jamii moja na homoni ya testosteroni, ambayo haina ruhusa wakati wowote wa mwaka, kuwe na mashindano au kusiwe. Daktari alijitwisha lawama zote hadharani na kuacha kazi. Maelezo ya jinsi dawa ilivyoingia mwilini yalikubaliwa, na hata Shirikisho la Kimataifa la Skii, FIS, lililokata rufaa, halikudai kwamba alikusudia. Walichobishania ni urefu wa adhabu tu.

Na urefu huo ndio kesi nzima. Kamati ya maamuzi ya shirikisho la michezo la Norway ilimpa miezi 13, ikihesabiwa tangu 18 Oktoba 2016. Hesabu kwa vidole: inaishia 18 Novemba 2017, siku chache tu kabla msimu wa Kombe la Dunia haujafunguliwa kwenye theluji ya Ruka, Finland. Waendesha mashtaka wa Norway walikuwa wameomba miezi 14, nayo ingeishia Desemba, bado muda ukiwapo wa kutosha kuelekea Olimpiki ya Pyeongchang ya Februari 2018. CAS ikasema miezi 18, na miezi 18 inaishia Aprili 2018, medali zimeshagawiwa na theluji inayeyuka. Tofauti ya hukumu mbili ni miezi mitano. Ndani ya miezi hiyo mitano mlikuwamo karibu msimu mzima wa baridi, na ndani ya msimu huo mlikuwamo Olimpiki.

Sisemi kamati ya Norway ilipanga kwa kutazama kalenda, maana sina ushahidi wa hilo. Nasema kwamba adhabu ambayo ingemrejesha bingwa mlangoni mwa msimu, bila kumkosesha Olimpiki, ingesomwa hivyo na dunia nzima. Tukumbuke mwaka wenyewe. Julai 2016 ripoti ya McLaren ilikuwa imeanika udanganyifu wa Urusi uliosimamiwa na dola, na Wanorwe walikuwa miongoni mwa waliodai Warusi wabanwe. Mwezi huohuo Martin Johnsrud Sundby, nyota mwingine wa Norway, alipewa na CAS miezi miwili na kunyang'anywa ubingwa wa Kombe la Dunia kwa sababu ya kipimo cha dawa ya pumu. Norway ilikuwa inajijua kama taifa la haki theluji ikianguka. Ndiyo nchi ya bingwa wa skii Bjørn Dæhlie, aliyekaa pale kwenye Olimpiki ya Nagano mwaka 1998 kama dakika 20 baada ya kushinda, akimsubiri Mkenya Philip Boit amalize wa mwisho ili amkumbatie. Sifa kama hiyo haiishi kwa kumbukumbu peke yake. Inataka ulinzi, hasa anayehukumiwa akiwa mtoto wa nyumbani.

Nirudi kwenye kiboksi cha dawa, kwa sababu ndicho kinachoninyima usingizi katika kesi hii. Dawa za aina hiyo Italia huuzwa zikiwa na onyo kwenye boksi lenyewe: duara jekundu lililokatwa kwa mstari, na ndani yake neno moja, DOPING. Hakuna haja ya kujua Kiitaliano. Haihitaji shahada ya famasia wala simu kwa mkemia. Jina la klosteboli nalo liliandikwa palepale, na klosteboli imo kwa jina katika orodha ya dawa zilizokatazwa. Mtu aliye katika kundi la wanaopimwa mwaka mzima, ambaye huwaarifu wapimaji kila siku analala wapi na saa ngapi atapatikana, alikuwa na kiboksi hicho kwa takribani siku 12. Daktari hakuiona alama. Naye hakuiona. CAS ilikiri kwamba Johaug alijihadhari kwa kumuuliza daktari, na kwamba rekodi yake ya nyuma ilikuwa safi. Ikasema tu kwamba hakufanya ule ukaguzi wa kawaida kabisa wa kusoma kifungashio. Kwa kosa la namna hii kanuni zilitaka miezi 12 hadi 24. Ikachagua katikati.

Wanaomtetea Johaug wana hoja nzito hapa, wala sitaki kuipita juu juu. Daktari wa timu ana kazi gani, wanauliza, kama mchezaji anapaswa kumkagua tena? Mwanamichezo anafundishwa tangu utotoni asimeze kitu bila kumuuliza daktari wake. Akauliza. Akajibiwa na mtaalamu mwenye uzoefu. Angefanya nini tena, aseme hamwamini? Mtu yeyote aliyewahi kukaa mbele ya daktari anajua ilivyo vigumu kuomba kiboksi ukisome mbele yake. Hoja hii iliwauma watu wengi Norway walipomwona akilia mbele ya kamera Oktoba 2016, akisisitiza kwamba hana hatia. Nami iliniuma.

Lakini hebu tuihamishe hoja hiyo kutoka Livigno hadi Iten, mji wa wakimbiaji nchini Kenya. Mwaka 2016 ulikuwa wa moto kwa Kenya pia. WADA, shirika la dunia la kupambana na dawa za kusisimua misuli, ilitangaza Mei kwamba Kenya haijatimiza masharti, Bunge lililokuwa limeshatunga sheria kwa haraka likairekebisha, na kwa wiki kadhaa watu walihofu kama wakimbiaji wetu watafika Olimpiki ya Rio. Kanuni zinazomhukumu Mnorwe ndizo zinazomhukumu Mkalenjin. Sasa mfikirie kijana anayekimbia alfajiri kwenye udongo mwekundu, hana timu wala daktari. Kifua kinambana, anaingia duka la dawa sokoni, anauziwa vidonge vilivyofungwa kwenye kipande cha karatasi, wala boksi haoni. Akipimwa akakutwa, ataulizwa: ulisoma? Akisema niliuziwa na mtu wa dawa, atajibiwa kwamba wajibu ni wako. Tumewasikia wengi wakijibiwa hivyo, na wengi wetu tumetikisa kichwa kukubali.

Basi kama Johaug angepewa adhabu iliyo karibu na ya chini kabisa kwa sababu tu aliyemwambia ni daktari bingwa, kanuni ingegeuka kuwa kinga ya wenye madaktari bingwa. Timu tajiri ingenunua ushauri na, ukikosewa, ingenunua pia udhuru. CAS ilikataa kufungua mlango huo, huku ikimpunguzia kwa kuwa aliuliza. Kwa kijana wa Iten, hukumu ile ni kinga yake. Inasema kwamba mwenye boksi mkononi atahesabiwa kwa boksi, awe nani.

Upande wa wanaomwita mdanganyifu sina mengi ya kuupa. Hakuna chombo kilichosema alidanganya. Kumbandika jina hilo ni kufuta tofauti kati ya uzembe na wizi, na tofauti hiyo ikifutwa hakuna atakayekuwa na sababu ya kusema ukweli akikamatwa.

Gharama aliyoilipa ilikuwa kubwa. Alikosa mashindano ya dunia ya Lahti 2017, kisha akakosa Pyeongchang. Siku ya mwisho ya Olimpiki ile zilikimbiwa kilomita 30 kwa mtindo wa klasiki, mbio zilizomfaa mno. Aliyeshinda ni mwenzake Marit Bjørgen, akiwa na miaka 37, kwa zaidi ya dakika moja na nusu, na kwa medali hiyo ya 15 akaondoka akiwa mwanamichezo mwenye medali nyingi kuliko wote katika historia ya Olimpiki ya majira ya baridi. Kama Johaug angekuwapo? Wanaomtetea hawajaacha kuuliza, nami siwalaumu. Hadi siku hiyo dhahabu yake pekee ya Olimpiki ilikuwa ya mbio za kupokezana za Vancouver 2010.

Halafu akarudi. Kabla ya kufungiwa alikuwa na dhahabu saba za mashindano ya dunia. Baada ya kufungiwa alichukua nyingine saba: tatu Seefeld 2019, nne Oberstdorf 2021. Olimpiki ya Beijing 2022, kule Zhangjiakou, akashinda dhahabu ya kwanza ya michezo yote, kisha kilomita 10 kwa tofauti ya sehemu 4 za kumi za sekunde mbele ya Kerttu Niskanen wa Finland. Ya tatu ilikuwa kilomita 30, upepo ukivuma kwa nguvu. Aliwaacha wenzake mapema, akawa mtu mmoja mwembamba kwenye njia nyeupe, hana wa kumkinga upepo, na mshindi wa pili akafika karibu dakika moja na sekunde 43 baadaye. Ushindi wa 2022 hauthibitishi lolote kuhusu krimu ya 2016, na wanaoutumia kama ushahidi wanakosea. Unachoonyesha ni kwamba miezi 18 haikumuua mwanamichezo.

Hoja mpya ya watetezi wake imekuja na Jannik Sinner. Machi 2024 nyota huyo wa tenisi wa Italia alikutwa na klosteboli, iliyotoka katika Trofodermin ileile. Jopo la kwanza likamwona hana kosa, WADA ikakata rufaa, na Februari 2025 pande mbili zikakubaliana miezi mitatu, iliyokwisha Mei, bila kumkosesha hata moja ya mashindano manne makubwa. Miezi 18 kwa mmoja, mitatu kwa mwingine, dawa moja. Haki iko wapi?

Hapa kuna tofauti ambayo kelele zimeifunika. Mtaalamu wa viungo wa Sinner alijikata kidole, akajipulizia dawa yeye mwenyewe, kisha akamkanda Sinner kwa mikono mitupu. Sinner hakuwahi kuishika chupa. Johaug aliipaka kwa kidole chake, kwenye midomo yake, siku baada ya siku. Hata hivyo, makubaliano yaliyopangwa vizuri hivyo kati ya shindano kubwa na jingine yananikera kwa sababu ileile iliyofanya miezi 13 ya Norway initie shaka. Kama Sinner alipata nafuu kupita kiasi, basi kosa lilifanyika 2025. Halirudi nyuma kuwa kosa la majaji wa 2017.

Wiki chache baada ya makubaliano hayo, Johaug alikuwa Trondheim, nyumbani Norway, katika mashindano ya dunia. Alikuwa na miaka 36, mama wa mtoto mdogo, amerudi baada ya kustaafu. Wanawake walikuwa wanakimbia kilomita 50 kwa mara ya kwanza kwenye mashindano hayo. Frida Karlsson wa Sweden alichukua dhahabu, Johaug akavaa fedha.