Niandikie hapo kwamba haimo

Wiki iliyopita nilimsindikiza mama mkubwa kliniki ya presha. Foleni, alama za vidole, daktari dakika chache, kisha dirisha la dawa. Binti wa dirishani akakipitia cheti, akapiga mstari kwenye dawa ya tatu. "Hii haimo kwenye bima, mama. Utalipia." Hata macho hakuinua. Na mama mkubwa, mwalimu mstaafu aliyeanza kukatwa mchango tangu Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya (NHIF) unaanza kazi 2001, tayari ana pochi mkononi!

Shida yangu na hiyo "haimo" ni kwamba inabeba mambo manne tofauti. Huenda dawa kweli haimo kwenye kitita, yaani orodha ya huduma na dawa ambazo Mfuko unalipia. Unarudi kwa daktari akubadilishie, au unalipa kwa uchungu. Huenda imo, ila mwongozo wa dawa muhimu umeiweka ngazi ya hospitali ya rufaa na wewe uko kituo cha afya. Hapo unachotaka ni rufaa, si keshi. Huenda imo lakini inahitaji kibali cha Mfuko kwanza, na kukiomba ni kazi ya hospitali, si ya mgonjwa. Au, na hapa ndipo napandwa na mori, imo kabisa, imeisha stoo tu. Basi toa fomu 2C, mtu akachukue duka la dawa lenye mkataba na Mfuko! Katika yote hayo manne, mgonjwa anaambiwa neno lile lile na anatoa hela ile ile.

Nikamwomba yule binti aandike sababu chini ya cheti, aweke jina na muhuri. Sikupandisha sauti. Akanitazama kama nimemtukania ukoo, akaingia ndani "kumuuliza mfamasia". Mfamasia akatoka na 2C, wala hakusema pole.

Watu wananiuliza, si ukate rufaa? Rufaa dhidi ya nini, dhidi ya upepo? Ibara ya 13(6)(a) ya Katiba inakupa haki ya kusikilizwa kwa ukamilifu na ya kukata rufani, na haiishii kwenye mahakama, inataja na chombo kinginecho kinachohusika. Lakini ukifika ofisi ya NHIF ya mkoa ukasema "walinikatalia", swali la kwanza ni nani, lini, dawa gani, kwa sababu gani. Kama huna karatasi, utaondoka na "tutafuatilia". Kwa hiyo piga picha cheti kabla hujakikabidhi. Ukilazimika kulipa, dai risiti yenye jina la dawa, si ile ya "huduma mbalimbali". Kisha peleka barua yenye namba ya uanachama na tarehe, na nakala yako igongwe muhuri wa mapokezi. Bila muhuri huo, barua hukuipeleka.

Haya, nakubali kwa shingo upande: Mfuko umeliwa sana. Kuna vituo vinavyodai fedha za wagonjwa hewa, na kuna sisi wenyewe tunaoazimana kadi kama ndoo ya kisimani. Udhibiti lazima uwepo. Na watoa huduma nao wana lao; hamjasahau Machi 2024, kitita kipya kilipoanza na hospitali binafsi zikagoma kutupokea. Ila mwizi wa madai ya uongo hadhibitiwi kwa kumnyima bibi wa miaka sabini maelezo.

Ukipewa huduma, unathibitisha kwa saini au kidole, maana Mfuko unataka ushahidi kwamba umepokea. Ukinyimwa, hakuna anayesaini chochote. Kwa nini kituo kisilazimishwe kujaza fomu ya kukataa, nakala moja kwako, moja kwa Mfuko? Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote tunayo tangu 2023, na hao "wote" ni pamoja na watu ambao hawajawahi kubishana na dirisha lolote maishani mwao. Wataambiwa haimo, wataitikia "haya mwanangu", watauza kuku.

Ya waajiri wanaokata asilimia tatu ya mshahara wako kwa ajili ya Mfuko na kuilalia nitayaandika siku nyingine, nikishapoa.