Mpaka wa hifadhi na aina za miti ya savana

Katika mijadala ya uhifadhi Afrika Mashariki imezoeleka kuamini kwamba savana ikishawekewa mpaka, askari na sheria, miti yake itastawi yenyewe, na kwamba aina zinazopotea zinapotea nje ya mpaka huo tu. Imani hiyo ina ukweli mwingi. Hata hivyo, mpaka unaomzuia mwenye shoka haumzuii tembo, wala hauzimi moto.

Tuanze na upande wenye nguvu zaidi wa hoja. Katika miombo, yaani mapori ya miti ya savana, ya Tanzania, wavunaji wa mbao hawakati ovyo: huanza na mninga, mpingo na mkongo, kwa sababu hiyo ndiyo yenye soko. Matokeo yake ni kwamba pori linaweza kuonekana la kijani na limejaa miti, ilhali mininga mikubwa inayotoa mbegu imekwisha. Mkaa nao hula miti mingi zaidi, lakini miombo mingi huchipua tena kwenye visiki, na eneo likiachwa lipumzike linaweza kurudi. Linaloua kabisa ni shamba la kudumu, ambako visiki hung'olewa na machipukizi hukatwa kila msimu. Dhidi ya shoka na jembe, hakuna ubishi kwamba ulinzi mkali unasaidia.

Ndani ya mpaka, hata hivyo, mambo hugeuka. Tsavo, nchini Kenya, ilitangazwa hifadhi ya taifa mwaka 1948. Kufikia miaka ya 1960 tembo waliosongamana humo walikuwa wameyageuza maeneo makubwa ya vichaka vizito vya miti ya jamii ya manemane kuwa nyika ya majani, na mibuyu ikatobolewa mashina hadi kuanguka. Ukame wa 1970 na 1971 uliua maelfu ya tembo hao. Ujangili wa miaka iliyofuata ukawapunguza zaidi, na vichaka vikaanza kurudi. Ni ushahidi unaokera, kwa kuwa sehemu ya ahueni ya miti ililetwa na uhalifu. Hifadhi ya Ruaha, Tanzania, nayo ilishuhudia mibuyu ikipungua wakati tembo walipokuwa wengi.

Serengeti inaonyesha kwamba si tembo pekee. Sotoka, ugonjwa uliokuwa ukiua ng'ombe na nyumbu pia, ilipodhibitiwa kwa chanjo ya ng'ombe walioizunguka hifadhi, nyumbu waliongezeka kutoka takriban 250,000 mwanzoni mwa miaka ya 1960 hadi zaidi ya milioni moja kufikia mwishoni mwa miaka ya 1970. Walikula nyasi, moto ukakosa cha kuchoma, na miche ya migunga ikapata nafasi ya kukua. Badiliko hilo la miti, kwa hiyo, lilitokana kwa sehemu kubwa na sindano za mifugo ya wanavijiji.

Nje ya mipaka pia picha haifanani kila mahali. Shinyanga, Wasukuma hufunga ngitili, yaani maeneo ya malisho yaliyotengwa, wakati wa mvua ili kutunza malisho ya kiangazi, na kupitia mradi wa HASHI (Hifadhi Ardhi Shinyanga) ulioanza 1986 desturi hiyo ilirudisha miti kwenye mamia ya maelfu ya hekta. Wakulima wengi huacha mkwaju, mng'ongo na mbuyu shambani, ingawa mara nyingi miti hiyo ni mizee isiyo na warithi, kwani miche huliwa na mbuzi au hupaliliwa.

Ulinganisho wa ndani na nje una kasoro nyingine isiyotajwa vya kutosha: hifadhi nyingi ziliwekwa kwenye ardhi kame au yenye mbung'o, isiyogombewa na wakulima. Kuipa hifadhi sifa, au lawama, kwa tofauti ya miti iliyotokana na udongo na mvua ni kujidanganya.

Kwa maoni yangu, hifadhi za taifa zihukumiwe kwa kazi ya kutunza wanyama wakubwa, na mininga isiachwe itegemee hizo peke yake. Sheria ya Misitu ya 2002 inaruhusu vijiji kutenga misitu yao wenyewe, na Kilwa baadhi ya vijiji vimeuza mpingo kwa uvunaji uliopata cheti cha kimataifa mwaka 2009. Kwa mti unaokua kwa miongo mingi, mlinzi wa kuaminika ni yule anayenufaika nao kihalali, mradi mapato hayo yabaki kijijini.