Mbunifu wa ndani Dodoma: aje kabla ya plasta

Tangu serikali ianze kuhamia Dodoma mwaka 2016, Iyumbu, Njedengwa, Ilazo na Nzuguni zimejaa nyumba mpya. Swali lililokuwa la wachache sasa linaulizwa na watumishi wa kawaida: kuna haja ya kumlipa mbunifu wa mambo ya ndani, au fundi jipsamu, fundi rangi na seremala wanatosha?

Wanaosema mafundi wanatosha wana hoja nzito. Anayejenga kwa mkopo, chumba kimoja kimoja, kila shilingi anaiona kwenye bati na saruji. Seremala hodari ukimwonyesha picha kwenye simu, kabati la mninga atalitoa. Halafu kuna malipo. Mbunifu akilipwa asilimia ya gharama zote, kadiri unavyotumia ndivyo anavyopata. Hata awe mwaminifu kiasi gani, mkataba wa namna hiyo haumpi sababu ya kukuokolea fedha. Bora mpatane kiasi kamili tangu mwanzo.

Wapo pia wabunifu wanaotuletea nyumba ya mahali pengine. Dari la jipsamu la ngazi tatu hapa ni rafu za vumbi. Meza nyeusi inayong'aa ukiifuta asubuhi, mchana unaandika jina lako kwa kidole. Maji yenye chumvi huacha madoa meupe kwenye kioo cha bafu. Wagogo waliojenga tembe, nyumba fupi ya kuta nene za udongo na matundu madogo, walishapata jibu la jua na upepo huu. Mbunifu asiyejiuliza kwa nini walijenga hivyo, bado hajaijua Dodoma.

Hata hivyo nilijenga bila mbunifu, na najua nilichokosa. Soketi mbili ziko nyuma ya kabati. Swichi ya chumba cha watoto inafichwa na mlango ukifunguliwa. Dirisha kubwa la sebule linatazama magharibi, na ikifika saa kumi jioni tunahamia barazani. Inaniuma, kwa sababu kila fundi alifanya kazi yake vizuri. Hakuna aliyeuliza kitanda kitakaa wapi, nami sikujua kwamba ni swali la kuuliza. Kuhamisha soketi moja sasa ni kupasua ukuta, kuziba, kupiga plasta na kupaka rangi upya.

Kwa hiyo naona tunabishana juu ya mtu wakati shida ni wakati. Wengi humwita mbunifu nyumba ikishakwisha, achague pazia na zulia, kazi ambayo wenye nyumba wanaiweza wenyewe wakijipa muda. Kinachohitaji utaalamu ni kukaa na ramani kabla ya wayaringi na plasta, kupanga vitanda, majiko, taa na njia za kupita. Fani hii inasomewa, Chuo Kikuu Ardhi wanaifundisha kwa shahada, kwa hiyo dai michoro yenye vipimo, si picha za kupendeza tu.

Kama fedha ni kidogo, mlipe kwa kazi hiyo peke yake. Mwite kiwanjani alasiri, wakati wa kiangazi, upepo ukivuma. Akianza kuuliza mko wangapi, nani anapika na jua linazamia upande gani, mimi huyo ningempa kazi.