Altrasaundi ya mfukoni: inajibu swali gani la jicho?

Mtoto wa jicho anapokomaa, lenzi hugeuka nyeupe kama maziwa, na daktari hata amulike vipi haioni retina, utando unaopokea mwanga, iliyo nyuma yake. Mawimbi ya sauti hayazuiwi na weupe huo, ndiyo maana jicho hupimwa kwa altrasaundi. Zamani kazi hiyo ilikuwa ya mashine maalumu ya kliniki ya macho. Siku hizi kuna probu (kile kifaa cha kushika mkononi kinachotoa na kupokea mawimbi) inayochomekwa kwenye simu, na wapo wanaosema ile ya kliniki imeshapitwa na wakati.

Tuache kwanza habari ya ukubwa. Probu ya macho imekuwa ikishikwa mkononi na kuwekwa juu ya kope tangu miaka ya 1970. Tofauti iko ndani. Probu maalumu hupiga megahezi 10 hivi, na mawimbi yake yamelengwa kukusanyika karibu na retina, maana jicho la mtu mzima lina urefu wa milimita 24 tu. Ya mfukoni imeundwa kupima moyo, mapafu, tumbo na, ukigusa kioo cha simu, jicho pia. Fundi wa kila kitu, kwa ufupi.

Hata hivyo, yapo maswali ambayo fundi huyo anayamudu. Retina iliyobanduka huonekana kama mstari mweupe mzito, mara nyingi wenye umbo la V, ncha yake imeshika pale neva ya jicho inapoingilia. Mwambie mgonjwa atazame kulia, kisha kushoto. Utando wa ute unaojaza jicho, ukiwa umejitenga na retina, huyumba kama mwani majini, na jicho likishatulia wenyewe bado unacheza. Retina husogea kidogo, kwa ukakamavu. Punguza nguvu ya mwangwi: utando hufifia mapema, retina hubaki iking'aa. Hayo yote yanaonekana hata kwenye kioo cha simu, mradi jeli iwe ya kutosha na mkono usikandamize. (Jicho linaloshukiwa kupasuka ni jambo jingine kabisa, hapo kukandamiza kidogo tu kunaweza kusukuma nje yaliyomo, probu iwe ya bei gani.)

Kwenye vipimo ndipo ninapoachana na mashabiki wake. Kosa la milimita 1 katika urefu wa jicho huharibu hesabu ya lenzi ya bandia inayowekwa mahali pa ile yenye mtoto wa jicho kwa takriban dayopta (kipimo cha nguvu ya lenzi) 2.5, na mgonjwa hutoka kwenye upasuaji akihitaji miwani ambayo hakuitarajia. Kuburuta alama mbili kwa kidole juu ya picha ya simu hakufai kwa kazi hiyo. Ala ya neva ya jicho nayo hupimwa milimita 3 nyuma ya tufe la jicho ili kukisia kama shinikizo ndani ya fuvu limepanda. Mpaka wa wasiwasi kwa mtu mzima ni kama milimita 5, kwa hiyo nusu milimita ya ukungu inatosha kubadili uamuzi.

Kuna jambo lisilosemwa sana: nguvu ya mawimbi. Masharti ya FDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba ya Marekani, huruhusu MI (kipimo cha uwezekano wa mawimbi kudhuru tishu kwa msukumo wake) ya hadi 1.9 kwa viungo vingi, lakini kwa jicho ni 0.23. Mashine ya macho imefungwa chini ya kiwango hicho tangu kiwandani. Probu ya matumizi mengi hutegemea mtu akumbuke kuchagua mpangilio wa jicho, na katika zamu ya usiku yenye msongamano mpangilio wa tumbo unaweza kubaki pale pale. Hii kwangu ni hoja nzito kuliko ubora wa picha.

Mimi ningeiweka probu ya mfukoni kwenye chumba cha dharura bila kusita, ikiwa na mpangilio wa jicho, na nisingeiruhusu isogelee hesabu ya lenzi. Tena kuna jambo moja ambalo kwalo inaizidi picha iliyochapwa kwenye karatasi kliniki: hurekodi video na kuituma papo hapo. Bingwa aliye mbali akitumiwa picha moja iliyoganda hubaki akikisia kama mstari ule ni retina au utando. Akitumiwa sekunde 10 za jicho likigeuka kulia na kushoto, anauona ukiyumba.