Vumbi la Oktoba na askari wangu wa milimita 15

Jamani, hili vumbi la Tabora limenichosha! Napaka rangi visanamu vya askari wa anga za juu, vya mchezo wa vita wa mezani. Ni vya milimita 15, mmoja anasimama juu ya ukucha wa kidole gumba. Jana nimetumia nusu saa kwenye kioo cha kofia ya mmoja tu: buluu iliyokolea, kisha kinukta cheupe pembeni ili king'ae. Bodaboda ikapita. Chembe nyekundu zikanasa palepale, na rangi hii ya akriliki ikishakauka haifutiki kwa maji. Nikifunga dirisha, chumba kinakuwa tanuri na rangi inakaukia kwenye ncha ya brashi. Mtaa wetu umwagiwe maji basi, hata jioni tu!