Jesse Unruh hakustaafu alipoingia hazina

Wanaosimulia maisha ya Jesse Unruh wa California humkumbuka zaidi akiwa Spika wa baraza la chini la bunge la jimbo hilo la Marekani, kisha huipita haraka miaka yake 12 ya uweka hazina kana kwamba ilikuwa pumziko la mwanasiasa aliyechoka. Naona wanakosea, kwa kuwa ufundi alioupata bungeni ulizaa matunda makubwa zaidi katika ofisi hiyo ya pili, na hatari yake pia ilionekana hukohuko.

Unruh alizaliwa Kansas mwaka 1922, akakulia Texas katika familia fukara, na mwaka 1954 akachaguliwa kuingia katika baraza la chini la Bunge la California. Sheria aliyoitunga mwaka 1959, ambayo ingali ikiitwa kwa jina lake, iliwakataza wenye hoteli, maduka na biashara nyingine kumbagua mteja kwa rangi, dini au asili yake. Kwangu mimi hiyo peke yake ingetosha kumpa heshima. Akiwa Spika tangu 1961, alipigania marekebisho ya katiba ya 1966 yaliyoufanya ubunge wa jimbo kuwa kazi ya muda wote na kuupandisha mshahara wa mbunge kutoka dola 6,000 hadi 16,000 kwa mwaka. Alikuwa amekwisha kutambua kwamba mbunge asiye na watafiti wake mwenyewe hulazimika kuyaamini maelezo ya mawakala wa makampuni.

Mwaka 1970 alishindwa na Ronald Reagan katika kinyang'anyiro cha ugavana, na mwaka 1973 akakosa umeya wa Los Angeles. Mwaka 1974 aligombea uweka hazina, cheo ambacho California hukijaza kwa kura za wananchi, lakini ambacho wakati huo wapiga kura wachache walikijali. Unruh alijua kwamba mipaka ya cheo huwekwa na sheria, na waliotunga sheria walikuwa wenzake wa zamani. Kidogo kidogo mweka hazina akawa mwenyekiti wa vyombo kadhaa vinavyotoa hatifungani, yaani hati za kukopa fedha kwa wawekezaji, za kugharimia hospitali, vyuo na miradi mingine, na kiti chake katika bodi za mifuko mikubwa ya pensheni ya watumishi wa umma na walimu kikawa na uzito ambao hakikuwa nao awali.

Uzito huo ulidhihirika baada ya mwaka 1984, kampuni ya mafuta ya Texaco ilipozinunua hisa za ndugu wa ukoo wa Bass, wawekezaji matajiri wa Texas, kwa bei iliyozidi ya soko ili wasiinyakue kampuni, ilhali wanahisa wengine, mifuko ya wastaafu ikiwemo, hawakupewa bei hiyo. Unruh alikasirika, na mwaka 1985 akashirikiana na wasimamizi wenzake wa mifuko ya pensheni kuanzisha Council of Institutional Investors (Baraza la Wawekezaji wa Kitaasisi), ili fedha za walimu na makarani ziwe na sauti mbele ya wakurugenzi wa makampuni.

Hata hivyo siwezi kumsifu bila kulitaja doa lake. Mtu huyu aliyesema kwamba pesa ni maziwa ya mama ya siasa alipokea michango ya kampeni kutoka kwa mabenki yaliyotaka kazi ya kuuza hatifungani za jimbo lake. Sheria ya wakati ule haikumzuia, lakini mwananchi anayelipa riba ya deni hilo alikuwa na haki ya kujua kama benki ilichaguliwa kwa ubora au kwa ukarimu wake. Kanuni ya kitaifa ya kuwabana wauzaji wa hatifungani kwa michango ya namna hiyo ilikuja mwaka 1994.

Unruh alifariki Agosti 1987 angali madarakani. Gavana George Deukmejian alimteua Dan Lungren kushika nafasi yake, baraza la chini likamkubali, Seneti, yaani baraza la juu, ikamkataa, na shauri hilo la kumpata mweka hazina likafika hadi mahakama ya juu kabisa ya California, ambayo mwaka 1988 iliamua kwamba Lungren hawezi kukalia kiti hicho bila idhini ya mabaraza yote mawili.