Barbara Kimenye hakuwa mwandishi wa Moses peke yake

Makala niliyoyasoma kumhusu marehemu Barbara Kimenye yamemtaja kwa visa vya Moses tu, yaani vitabu vyake vya watoto kuhusu mvulana mtundu wa shule ya bweni, nami naona yamempunja. Alizaliwa Uingereza mwaka 1929, akasomea uuguzi, akaolewa na mwenyeji wa Bukoba, kisha akahamia Kampala, alikofanya kazi katika serikali ya Kabaka, mfalme wa Buganda, kabla ya kuingia katika uandishi wa habari. Alipoanza kumwandika yule mtundu wa shule ya bweni, katika miaka ya 1960, watoto wetu wengi walikuwa bado wakisomeshwa hadithi za nchi zenye theluji. Yeye aliwapa bweni wanalolifahamu na walimu wanaowaogopa. Binafsi, kitabu cha kwanza nilichokimaliza bila kulazimishwa na mtu kilikuwa chake.